Joka linaloshinda kila mechi: jinsi ya kuipanga upya seti ya drafti

Swali: "Nimeunda seti ya njozi inayotumia kanuni za mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Hadithi yake ni falme tano, kila moja na rangi yake, zinazogombania mti mkuu unaokauka. Nina kadi 180, uwezo mpya 11 wenye majina yake, na kila ufalme una joka lake. Tumedrafti mara mbili tukiwa wanane, yaani kila mtu alifungua pakiti, akachukua kadi moja na kupitisha zilizobaki, kisha akaunda deki yake ya kuchezea. Mara zote mbili watu walikosa viumbe vya kutosha, deki zikawa mchanganyiko usio na mwelekeo, na aliyepata joka alishinda karibu kila mechi. Je, niyapunguzie majoka nguvu?"

Jibu:

Majoka usiyaguse kwanza. Dalili zote tatu ulizozitaja zina chanzo kimoja: umebuni kadi mojamoja, ilhali drafti hutegemea uwiano wa kadi. Mchezaji haioni seti yako kama orodha ya kadi 180. Anaiona kwa pakiti, na sehemu kubwa ya kila pakiti ni kadi za kawaida (ngazi ya chini ya uadimu), zile ambazo pengine ulizibuni mwisho ukiwa umeshachoka. Ukipunguza nguvu za majoka bila kurekebisha hizo, kadi nyingine kubwa itashika nafasi yao wiki ijayo.

Anza na hesabu ya meza. Wachezaji 8 wenye pakiti 3 kila mmoja ni pakiti 24. Tumia mgao wa zamani wa Magic: kadi 10 za kawaida, 3 za wastani, 1 adimu, kisha ongeza ardhi 1 ya rangi mbili (ardhi ni kadi inayotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine). Meza nzima itafungua kadi 360, yaani 240 za kawaida, 72 za wastani, 24 adimu na ardhi 24. Tangu 2024 Magic yenyewe imehamia pakiti za kadi 14 zenye za kawaida 6 au 7 tu, lakini kwa anayeanza naupendelea mgao wa zamani, kwa sababu pakiti yenye adimu moja ni rahisi zaidi kuisawazisha. Ngazi ya nne ya uadimu, ile waliyoiongeza 2008, iache kabisa. Kwa seti ya meza moja haina kazi.

Kila mchezaji anaunda deki ya kadi 40: ardhi 17 na kadi nyingine 23. Wachezaji wanane wanahitaji kadi 184 kati ya 336 zisizo ardhi. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya unachokichapisha lazima kichezeke, tena ndani ya rangi mbili za aliyekichukua. Seti yenye kadi tamu 60 na za kujazia 120 haiwezi kufika hapo hata kama hadithi yake ni nzuri kiasi gani.

Kwa meza moja, seti ya kadi 200 inatosha, nawe uko karibu. Zigawe hivi:

Kawaida 95: 18 kwa kila rangi na 5 zisizo na rangi.
Wastani 60: 9 kwa kila rangi, 10 za rangi mbili (moja kwa kila jozi) na 5 zisizo na rangi.
Adimu 35: 6 kwa kila rangi, na 5 za rangi mbili au zisizo na rangi.
Ardhi za rangi mbili 10, moja kwa kila jozi.

Fungua jedwali na uipe kila nafasi msimbo kabla ya kuipa jina la kadi. Usitumie herufi moja kwa rangi, maana nyeupe, nyeusi na nyekundu zote zinaanza na "nye" na utachanganyikiwa siku ya kwanza. EP, BL, ES, KU na KJ zinatosha: K-EP-01 ni kadi ya kwanza ya kawaida nyeupe, W-KJ-04 ni ya nne ya wastani ya kijani. Kando ya msimbo andika kazi ya nafasi hiyo, kwa mfano "kiumbe cha mana 2, kinafaa kushambulia". Kisha chukua kadi zako 180 na uzipandikize kwenye nafasi. Utagundua nafasi kadhaa zina kadi tano zinazozigombania na nyingine hazina hata moja. Zile tupu ndizo seti yako ilizozikosa mara zote mbili mlizocheza.

Sasa viumbe. Deki ya kawaida ya drafti inataka viumbe 14 hadi 16 kati ya zile kadi 23, kwa hiyo zaidi ya nusu ya kadi zako za kawaida lazima ziwe viumbe. Mgao unaofanya kazi ni nyeupe 11, kijani 11, nyeusi 10, nyekundu 10 na buluu 9, pamoja na 3 zisizo na rangi. Hao ni 54 kati ya 95. Wabunifu wapya hupenda kuandika matukio: kafara, viapo, vita, usaliti. Matukio yana ladha ya hadithi, lakini hayashambulii wala hayazuii, na mchezaji mwenye viumbe wanane hana mchezo wa kucheza.

Bei yao ndiyo jambo linaloamua zaidi. Viumbe 11 weupe wa kawaida wapange hivi: mmoja wa mana 1, watatu wa mana 2, watatu wa mana 3, wawili wa mana 4, mmoja wa mana 5 na mmoja wa mana 6. Angalia kinachotokea kwa wale wa mana 2 peke yao. Ukiwa na watatu kwa kila rangi, jumla 15 kati ya kadi 95 za kawaida, meza nzima itaona takriban 38, yaani 4 au 5 kwa kila mchezaji. Hiyo ni deki inayoweza kuanza mchezo. Ukiwa na mmoja tu kwa kila rangi, meza itaona 12 au 13, na kila mtu atapata mmoja au wawili. Zamu nne za kwanza zitapita bila lolote kutokea uwanjani, na hapo ndipo joka lako linapopata muda wa kufika.

Tulifuate hilo joka kwa hesabu. Ardhi 17 katika kadi 40 ni asilimia 42.5. Anayeanza mchezo, akifika zamu ya 8, ameona kadi 14, na kati yake wastani wa ardhi ni karibu 6. Joka la mana 6 basi hufika, kwa wastani, zamu ya 8. Na kama deki ina joka moja, uwezekano wa kuwa ameliona kufikia zamu hiyo ni 14 kwa 40, yaani asilimia 35. Kwa hiyo joka moja halipaswi kuamua zaidi ya theluthi moja hivi ya mechi. Kama mwenye joka alishinda karibu zote, kuna mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, alikuwa na majoka zaidi ya moja, jambo linalomaanisha umeyaweka kwenye ngazi ya wastani au nakala ni nyingi mno. Yahamishie kwenye adimu, nakala moja kila moja. La pili, mechi zenu zinavutika hadi zamu ya 15, ambapo mchezaji ameshaona zaidi ya nusu ya deki yake na kila kadi kubwa inapata nafasi ya kutokea. Ukiona mechi ndefu hivyo, dawa ni viumbe wa mana 2 na 3 wanaofaa kushambulia. Kuliandika joka upya hakutasaidia.

Baada ya hapo ndipo uangalie kadi za kuondoa, zile zinazoua au kuzuia kiumbe cha mpinzani. Weka 14 katika ngazi ya kawaida: nyeusi 4, nyekundu 4, nyeupe 3, buluu 2, kijani 1. Meza itaona takriban 35, zaidi kidogo ya 4 kwa kila mchezaji kabla hujahesabu za wastani. Lakini idadi peke yake inadanganya. Seti nyingi za nyumbani zina kadi za kuondoa kumi na tano ambazo zote zinatoa madhara 2 au 3, kwa hiyo zinaua wadogo na kumwacha mkubwa akitamba. Angalau 8 kati ya hizo 14 ziweze kumshughulikia kiumbe wa ukubwa wowote au karibu wowote, na bei yake iwe ya haki. Nyeusi iwe na "ua kiumbe kimoja" kwa mana 5. Nyeupe iwe na pingu ya mana 3 inayomkataza kiumbe kushambulia na kuzuia. Buluu iwe na usingizi unaomlaza kiumbe asiamke tena. Nyekundu iwe na madhara 5 kwa mana 5, na kijani kadi ya kupiganisha viumbe wawili. Nyekundu itazame kwa makini: ikiwa madhara yake makubwa ni 5 na majoka yako yote yana uimara 6, umeizima rangi nzima kwa pointi moja. Shusha uimara wa majoka mawili au matatu uwe 5. Na usilipatie joka lolote uwezo wa kutolengwa na kadi za mpinzani. Kiumbe mkubwa, anayeruka, asiyelengwa, ni swali lisilo na jibu. Kila rangi iwe pia na angalau kiumbe mmoja wa kawaida anayeruka au anayeweza kumzuia anayeruka. Kijani ndiyo husahaulika zaidi.

Nije kwenye uwezo wako 11. Najua kuukata ni uchungu, lakini hesabu haina huruma hapa. Tuseme nusu ya kadi zako za kawaida, 48 hivi, zina uwezo wenye jina. Ukigawa kwa 11 unapata kadi 4 kwa kila uwezo. Pakiti yenye kadi 10 za kawaida itaonyesha wastani wa 0.4 ya kila mmoja. Meza nzima itafungua kadi kama 10 za uwezo huo, zimetawanyika kwa watu wanane. Hakuna anayeweza kujenga deki juu ya kadi moja na robo, na ndiyo sababu deki zenu hazikuwa na mwelekeo. Baki na uwezo 3, usizidi 4. Uliobaki uhifadhi kwa seti ya pili.

Kanuni ya kupima ni hii: gawa idadi ya kadi za kawaida zenye uwezo huo kwa 95, zidisha kwa 10, za wastani gawa kwa 60, zidisha kwa 3, adimu gawa kwa 35, kisha jumlisha. Kadi 19 za kawaida, 12 za wastani na 7 adimu zinakupa 2 na 0.6 na 0.2, jumla 2.8 kwa kila pakiti. Uwezo mkuu wa seti unataka angalau 2 kwa pakiti ili mtu auhisi bila kuelezwa. Uwezo wa pembeni unatosheka na 1. Chini ya 0.5 ni mapambo.

Kwa hadithi yako, uwezo mkuu tayari umo kwenye mti wenyewe. Uite Pukutika: kiumbe mwenye uwezo huu akifa, mwenye kadi anaweka uwanjani tokeni (alama inayosimama badala ya kadi) ya Jani. Swali ni Jani linafanya nini. Kishawishi cha kwanza kitakuwa kulipatia Jani kazi ya kutoa mana, kwa kuwa majani ni uhai wa mti. Kikwepe. Jani moja tu litalileta joka zamu ya 6 badala ya ya 8, na utarudi ulikoanzia. Afadhali liwe hivi: "Lipa mana 2, toa Jani hili kafara: kiumbe mmoja anapata +1/+1 hadi mwisho wa zamu." Yaani nguvu 1 na uimara 1 zaidi. Jani linawafanya viumbe wadogo waendelee kuwa tishio, linamshawishi mchezaji kushambulia, na mpinzani analiona mezani kabla halijatumika, kwa hiyo anaweza kulipangia.

Kosa kubwa lililojificha katika seti yako ni lile lililokuvutia kuianza: falme tano, rangi tano. Drafti inamlazimu karibu kila mtu kucheza rangi mbili. Kadi inayosema "askari wako wote wa Ufalme wa Theluji wanapata +1/+1", huku ufalme wote ukiwa mweupe, inamtunuku anayecheza nyeupe tupu, na kumwachia mwenye nyeupe na kijani nusu ya deki isiyoguswa na kadi yake bora. Una njia mbili za kutoka. Unaweza kuzieneza falme, kila moja ikae katika rangi mbili au tatu, ambayo ni kazi nyingi na hupindisha hadithi. Au uyabakize majina ya falme kwenye mstari wa aina (unaotaja kadi ni ya aina gani) kwa ajili ya ladha, lakini kadi zitunuku matendo: kushambulia na viumbe watatu, kuwa na Jani uwanjani, kiumbe kufa zamu hii. Mimi ningefuata hii ya pili bila kusita. Tendo linaweza kufanywa na rangi yoyote, jina la ufalme haliwezi.

Kisha ziandikie jozi kumi za rangi mpango wa sentensi moja kila moja. Nyeusi na kijani: viumbe wanakufa, majani yanalimbikizwa, yanatumika yote kwa pigo moja. Nyeupe na nyekundu: wadogo wengi wanashambulia kabla mpinzani hajajipanga. Buluu na nyeupe: wanaoruka juu huku wa chini wakizuia. Ukishindwa kuiandika sentensi, jozi hiyo haina mpango, na mchezaji hataubuni kwa niaba yako. Zile kadi 10 za wastani za rangi mbili ndizo vibao vya njia: kila moja itamke mpango wa jozi yake waziwazi, ili anayeiona katika pakiti ya kwanza ajue deki hiyo inataka nini. Lakini kibao hakiwezi kuubeba mpango peke yake. Kadi moja ya wastani huonekana mara 1.2 tu kwa meza nzima, ilhali kadi moja ya kawaida huonekana mara 2.5. Mpango lazima ufanye kazi hata kama kibao hakikufunguliwa kabisa.

Pima kila kadi ya kawaida hivi: rangi yake imo katika jozi nne, je, ni jozi ngapi kati ya hizo nne zingeitaka? Ikiwa ni moja tu, ibadilishe au ipandishe iwe ya wastani. Mbili zinaruhusiwa. Tatu ni nzuri. Kiumbe wa mana 2 mwenye 2/1 (nguvu 2, uimara 1) na Pukutika anatakiwa karibu kila mahali, na seti yako inahitaji wa namna hiyo kuliko inavyohitaji mfalme wa sita.

Kuhusu ugumu wa maandishi: mbunifu mkuu wa Magic, Mark Rosewater, alieleza mwaka 2011 kanuni waliyojiwekea ya kudhibiti ugumu katika kadi za kawaida, nayo inafaa hata zaidi kwa seti ambayo hakuna mchezaji aliyewahi kuiona. Weka alama kwenye kila kadi ya kawaida inayoathiri kadi nyingine uwanjani, inayohitaji kusomwa mara mbili, au inayomlazimisha mtu kukumbuka jambo la zamu iliyopita. Alama zisizidi 19 kati ya 95. Maandishi ya kadi ya kawaida yasizidi mistari minne. Na chagua msamiati mmoja ukaushikilie: ukianza na "anapoingia uwanjani", usije ukaandika "anapotokea" kwenye kadi nyingine, kwani wachezaji watadhani ni mambo mawili tofauti.

Uchapishaji wa majaribio usiwe na picha. Kadi ni milimita 63 kwa 88, kwa hiyo karatasi ya A4 inabeba tisa. Chapisha nakala 3 za kila kadi ya kawaida (285), 2 za wastani (120), 1 ya adimu (35) na 3 za ardhi za rangi mbili (30). Jumla ni kadi 470, karatasi 53. Karatasi nyepesi ya kawaida inatosha ukiiweka ndani ya kifuko cha plastiki mbele ya kadi ya zamani inayoipa ugumu. Vifuko vyote viwe vya aina na rangi moja. Andaa pia ardhi za msingi 40 kwa kila rangi.

Pakiti usizipange kwa kuchanganya rundo moja. Ukichota kadi 10 za kawaida bila mpangilio, karibu nusu ya pakiti zitakosa angalau rangi moja, na mchezaji aliyechagua kijani ataona pakiti mbili mfululizo zisizo na kitu chake. Tenga marundo matano ya rangi, chota moja kutoka kila rundo, kisha yaliyobaki yachanganye pamoja na zisizo na rangi na uchote tano za mwisho. Nakala mbili za kadi ileile zikikutana kwenye pakiti moja, rudisha mojawapo.

Majaribio yenyewe, usikimbilie kuwakusanya watu wanane. Wawili wanatosha kwa hatua ya kwanza: kila mmoja afungue pakiti 6 na kuunda deki ya kadi 40 kutoka humo. Michezo mitano ya namna hiyo itakufichulia kadi zilizovunjika na maandishi yasiyoeleweka. Kwenye drafti kamili, andika mambo manne tu. Zamu ambayo kila mchezo uliisha: ikiwa mingi inaisha kati ya zamu ya 7 na ya 10, mwendo ni mzuri. Idadi ya viumbe katika kila deki. Kadi zilizobaki mkononi mwa aliyeshindwa, na kama ni ghali mno au hazikuwa na pa kutumika. Na kadi tatu za mwisho zilizopitishwa katika kila pakiti. Hizo za mwisho ndizo zinazosema kweli kuliko maoni ya mdomo, kwa sababu rafiki atakusifia kadi yako huku akiipitisha kila mara. Kadi ya kawaida inayoishia miongoni mwa tatu za mwisho katika drafti tatu mfululizo, iondoe hata kama jina lake unalipenda.

Kati ya drafti moja na nyingine usibadilishe zaidi ya kadi 20. Ukibadilisha 80 hutajua ni lipi lililoponya na lipi lililoharibu. Awamu ya kwanza ibadilishe viumbe wa mana 2 na 3 pamoja na kadi za kuondoa. Majoka yaache kama yalivyo, ila kuyahamishia kwenye adimu na ule uimara wa 5. Ikiwa baada ya hapo mwenye joka bado anashinda katika michezo ambayo joka lilifika zamu ya 8 na mpinzani alikuwa na kadi ya kuondoa mkononi, ndipo utakuwa na ushahidi dhidi ya joka lenyewe, na hapo liongezee mana moja kwenye bei yake.